Baiskeli Isiyo na Kelele

Sogeeni ndani, wa mlangoni mnaziba upepo. Ipo nchi moja, na msiulize iko upande gani maana wenyewe hawapendi kuulizwa, ambako cheni ya baiskeli haikatiki. Si kwamba ni ngumu. Haikatiki kwa sheria.

Sheria hiyo ilipita mchana kweupe, Bunge zima likigonga meza mpaka vikombe vikaanguka. Mtukufu Mwendeshaji Mkuu wa Taifa alisimama akasema nchi imechoka na cheni za mataifa mengine, kwa hiyo itaunda ya kwake, nayo itaitwa Mnyororo wa Taifa, na hautakatika. Hakusema hautakatika ovyo, wala hautakatika upesi. Alisema hautakatika, akakaa. Wataalamu wakaandika vilevile.

Tenda ya vile vijipini vinavyoshika pingili moja ya cheni na nyingine akapewa mkwe wa Waziri wa Mwendo, mzee mcha Mungu aliyekuwa na shehena ya makopo matupu ya nyanya. Makopo yapo, nchi inahitaji pini. Mola akipanga jambo hulipanga.

Cheni zikatoka kiwandani zinameta kama samaki. Kwanza zikalegea. Kisha zikaanza kuruka meno ya giya, kra, kra, mtu akiwa katikati ya daraja na gunia la mihogo. Mwishowe zikakatika, ya huyu sokoni, ya yule mbele ya kituo cha polisi, na hapo ndipo sheria ilipoonyesha makali yake. Maana cheni isiyokatika ikikutwa imekatika, basi imekatwa, na mwenye kuikata ni nani kama si aliyekuwa ameikalia? Kosa likaitwa Kukanyaga kwa Nia Mbaya. Mwenye kosa alipelekwa Kiwandani akajionee jinsi mnyororo imara unavyoundwa, na akishajionea alibaki hukohuko akiuunda. Hakuna aliyewahi kurudi kuhadithia. Ndiyo kusema Mnyororo wa Taifa uliundwa na watu wasioupenda hata chembe, na bado wakubwa walikuna vichwa kwa nini haudumu.

Lakini binadamu hakosi njia. Cheni ikikatika, mtu aliichomoa chapuchapu akaificha, akarudishia lile kava la bati ambalo sheria ililazimisha kila cheni ivalishwe kwa heshima, halafu akapanda juu akaendelea kukanyaga hewa, huku mtu mwingine akimsukuma kwa nyuma. Askari akitazama anaona nini? Pedali zinazunguka, gurudumu linazunguka, raia anatabasamu. Waendesha baiskeli wa abiria nao wakazoea: abiria anapanda kijiweni kwa heshima zote, wakikata kona anashuka akisema ananyoosha miguu, anamsukuma mwenye baiskeli mpaka anakokwenda, anafika hoi, analipa nauli na kushukuru kwa usafiri.

Nchi nzima ikawa inasukumana, na takwimu za cheni zilizokatika zikawa sifuri.

*

Basi alikuwepo mwendesha baiskeli mmoja, Kashindye, baba wa binti aitwaye Shija, mume wa Nyanzobe. Mtu wa watu, hana kelele, kijiwe chake Stendi Kavu. Cheni yake ilikatika masika yaliyopita. Aliichomoa, na Nyanzobe akaifungia mlango wa banda la kuku, ambako kwa kweli ilifanya kazi nzuri kuliko ilivyowahi kufanya barabarani.

Asubuhi moja kijiwe kikavamiwa na wakubwa wa Ofisi ya Uaminifu wa Vipuri, wakiongozwa na Mkaguzi mwenyewe, Bwana Ndalahwa, mzee mwenye tai fupi na sauti ndefu. Mtukufu alikuwa ameagiza itafutwe cheni bora kuliko zote nchini, ili Siku ya Gurudumu, sikukuu ya taifa, imbebe yeye kutoka Ikulu mpaka uwanjani, dunia ione.

Sasa utaichaguaje cheni bora na kava haliruhusiwi kufunguliwa? Kufungua ni kushuku, na kushuku kuna kifungu chake. Ndalahwa alikuwa na dawa. Alitoa kifaa cha daktari cha kusikilizia vifua, akapiga magoti kwenye vumbi, akawa anakibandika kwenye kava la kila baiskeli huku mwenye nayo akizungusha pedali. Hii inakwaruza. Hii inalia kama mbuzi. Hii ina kipande kinagonga bati, mwenye nayo akakohoa wee, mpaka Ndalahwa akampita kwa huruma.

Akafika kwa Kashindye. Akasikiliza. Akahamisha kifaa, akasikiliza tena. Akafumba macho.

"Kijana," akasema, "mimi nimesikiliza baiskeli mkoa mzima. Sijakutana na kitu kama hiki. Haina kelele hata kidogo."

"Mzee, labda hujasikia vizuri," Kashindye akasema.

"Unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana, mzee. Nasema labda imechoka, ndiyo maana imenyamaza."

"Na unyenyekevu juu," Ndalahwa akawaambia wenzake, wakaandika na unyenyekevu.

*

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Kashindye alikuta ua umejaa, vigelegele, sufuria la jirani liko mekoni kwake, na Bi Mageni muuza vitumbua ameshika nafasi ya kwanza mkekani kama mama wa bwana harusi. Bi Mageni ndiye aliyekuwa redio ya mtaa ule, na mara nyingi aliitangulia ya serikali.

"Shemeji, kumbe tunakaa na mtu mkubwa hatujui," alimpokea. "Utakapokuwa umembeba Mtukufu, mwambie na barabara ya kwetu."

"Nitamwambia," Kashindye akajibu.

Nyanzobe alimvutia nyuma ya nyumba, penye banda la kuku. Wote wawili waliitazama ile cheni mlangoni, kuku wakiwatazama wao.

"Baba Shija, watakupeleka Kiwandani."

"Wataanza na mimi, halafu watauliza nani alikuwa anafungia kuku."

"Si useme unaumwa."

"Nilisema njiani. Wakaniletea daktari palepale, akaniandika mzima kabla hajanigusa."

Nyanzobe akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika tama. Upande wa pili wa nyumba watu walikuwa wanacheka, mtu anaita chumvi iko wapi. "Basi tafuta cheni," akasema. "Yoyote. Hata ya kufika uwanjani tu."

Siku ya pili Kashindye akaenda Duka la Taifa la Vipuri. Cheni zilining'inia mpaka darini, nyingi kama tambi. Muuzaji, dada mmoja mwenye kitambaa cha rangi ya bendera, alikuwa anasinzia chini yake.

"Dada, naomba cheni."

"Ya baiskeli ipi, kaka?"

"Hii yangu."

Akaichungulia. "Hii si ndiyo ya redioni?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa ina cheni bora nchini, unataka nyingine ya nini?"

"Ya akiba tu, dada yangu."

"Akiba ya kitu kisichokatika." Usingizi ulikuwa umemtoka. Alitazama mlangoni, akainamia kaunta. "Kaka, hizi ni za kuangaliwa. Tangu sheria ipite hatujauza hata moja, maana atakayeuza amekiri kuna anayehitaji. Ndivyo tulivyopata ngao ya duka bora, ile pale. Nenda nyumbani. Wewe hukuja, na mimi nilikuwa nimelala."

Akalala kweli, au alifumba macho vizuri sana.

Kashindye akajaribu na ile ya bandani. Aliikalia mchana kutwa kwa waya na nyundo. Vile vijipini vilivunjika mikononi kama mkate mkavu, na kimoja bado kilikuwa na kipande cha picha ya nyanya. Alipoinua uso, askari wawili na maua ya plastiki walikuwa wameingia uani. Walikuja kuichukua baiskeli, ikalindwe Ikulu mpaka siku yenyewe. Nyanzobe alikuwa mwepesi, alitupa kanga yake juu ya cheni, na kuku mmoja akapanda akaiatamia.

*

Mtu aliyefikishwa ukutani hugeuka. Kashindye akapiga moyo konde, akaenda kwa Ndalahwa mwenyewe kusema kweli, liwalo na liwe. Alimkuta ofisini anakunywa chai, feni limesimama.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, shujaa wetu. Kaa."

"Mzee, nimekuja kukwambia. Baiskeli yangu haina cheni."

"Haina kelele," Ndalahwa akasema.

"Haina cheni, mzee wangu. Ilikatika masika."

Ndalahwa aliinuka, akafunga dirisha, akafunga na mlango, akarudi kukaa. Alizeeka wakati anakaa.

"Kashindye mwanangu, ulidhani mle ndani nilisikia nini? Nilisikia kimya. Na kimya ndicho tulichotumwa kutafuta." Akachovya mkate kwenye chai, akausahau humo. "Mimi hapa nina baiskeli ya ofisi. Unafikiri nani ananisukuma kila asubuhi? Katibu wangu, mama wa watu, na mgongo wake mbovu. Waziri anasukumwa na dereva wake. Yupi unataka twende tukamwambie?"

"Sasa siku hiyo itakuwaje?"

"Imeshapangwa. Baraza lote la Mawaziri litakimbia nyuma likiisukuma. Itatangazwa kuwa ni heshima."

"Mzee, kutoka Ikulu mpaka uwanjani ni mteremko."

"Basi si afadhali, hawatachoka."

"Na breki?"

Ndalahwa alikuwa mwendesha baiskeli zamani, kabla hajaona mwanga. Alijua kama alivyojua Kashindye kwamba baiskeli zao zina breki moja tu, ya pedali: unakanyaga kinyume, cheni inavuta, gurudumu la nyuma linashika. Pasipo cheni, waendeshaji waliikimbia miteremko kama ukoma. Aliyezidiwa alikandamiza kisigino kwenye tairi la mbele, na askari akimwona tu, ushahidi umekamilika.

Mkaguzi akatazama mkate ukimomonyokea kwenye chai.

"Basi," akasema hatimaye, "usishike breki."

*

Siku ya Gurudumu ikafika, na jua lake. Kashindye akavishwa suti ya buluu na raba nyeupe mpya. Baiskeli ilikuwa imepakwa dhahabu mpaka spoku. Mtukufu akatoka, mtu wa mwili, ananukia marashi, akapakizwa kwenye karia juu ya mto wa mahameli, miguu akaiweka upande mmoja kama bibi harusi. Chuma kikalia kidogo. Waziri wa Mwendo akasoma hotuba kwamba leo dunia itajifunza maana ya kuaminika. Kisha mawaziri wakakunja suruali.

Walisukuma, naam, lakini mara moja tu. Mteremko ukaichukua baiskeli mikononi mwao, wakabaki wanaikimbilia, mmoja mmoja akianguka na nishani zake, mpaka wakawa vidoti vyeusi juu kilimani. Kashindye akakanyaga hewa. Watu pande zote mbili za barabara walipunga vitambaa, wakawa wananyooka kama uzi.

"Laini sana," Mtukufu akasema mgongoni kwake. "Mawaziri wangu hawanipi mwendo kama huu."

"Mtukufu, naomba radhi. Breki haishiki."

"Haishiki kwa nini?"

Kashindye akaona kufa ni kumoja. "Cheni haimo."

Upepo ulivuma masikioni mwao wote wawili.

"Najua haimo," Mtukufu akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi. "Ya kwangu pale Ikulu haimo tangu vuli. Kanyaga. Kamera ziko kushoto."

Nusu ya chini ya kilima ilikuwa imepinda kidogo, na walipoikata ile kona, lango la uwanja likajitokeza. Mbele ya lango, kuziba barabara nzima, walisimama wanafunzi wa shule zote na bendera za karatasi, wakiimba. Walikuwa wameambiwa wasisogee mpaka Mtukufu awafikie. Shija alikuwa humohumo, lakini kwa mbio zile watoto wote walikuwa na sura moja.

"Mtukufu, watoto."

"Watasogea."

"Wameamriwa wasisogee."

Mtukufu akafikiri. Kulikuwa na muda mdogo wa kufikiri, na yeye hakuwa na mazoea. "Miguu kwenye pedali," akasema, safari hii kwa kunong'ona. "Watu wanaona. Kijana, nasema watu wanaona."

Kashindye akautoa mguu wa kulia kwenye pedali, akauinua mbele ya kamera, mbele ya nchi, akakita kisigino kwenye tairi.

Soli ya raba ilikwenda kwanza, na moshi wake. Kisha soksi. Kisha ikaja harufu nyingine, na watu waliokuwa wakishangilia wakanyamaza kufuata barabara, kama mtu anayezima taa chumba kwa chumba. Baiskeli ikapiga kelele, ikayumba, ikasimama mbele ya mtoto mmoja wa mstari wa mbele, karibu kiasi kwamba bendera yake ya karatasi iligusa usukani.

Mtukufu alishuka, akanyoosha koti. Alitazama kile kisigino, akamwinamia Kashindye kana kwamba anampongeza.

"Umeniaibisha," akamwambia sikioni. Halafu akageukia kipaza sauti. "Wananchi, mnyororo ulitaka kuendelea. Ni huyu kijana, kwa mapenzi yake kwangu, aliyeukatiza."

Makofi yalikuja, lakini yalikuja kama wageni wasiojua nyumba.

*

Alasiri ile ua wa Kashindye ulijaa kuliko siku ya vigelegele. Hakuna aliyecheka. Nyanzobe alikuwa anaosha kisigino kwa maji ya chumvi, na watu wanapita mmoja mmoja kukiangalia, kama wanaopita mbele ya jeneza.

"Shemeji, tumeona wote," Bi Mageni akasema. "Hata bibi yangu ambaye haoni, ameona."

"Mimi sijasema kitu, Bi Mageni."

"Nani kasema umesema? Mguu umesema. Sasa kama hata iliyombeba Mtukufu haina cheni, mimi namkanyagia nani? Kesho natembea."

"Utatembea vipi na baiskeli unayo?" mtu akamuuliza.

"Naishika usukani, natembea pembeni yake kama mtu na mbuzi wake. Sheria ya kutembea iko wapi? Nionyesheni."

Haikuwepo. Asubuhi yake mji mzima ulitembea. Hapakuwa na maandamano wala wimbo, watu walishika tu usukani, wakatembea pembeni ya baiskeli zao kwenda walikokuwa wanakwenda, miguu chini, hakuna anayekanyaga hewa, hakuna anayemsukuma mwenzake. Askari walisimama njiapanda na filimbi midomoni, hawajui wapige nini. Bi Mageni alipita katikati yao na beseni lake la vitumbua kwenye karia, shingo imenyooka.

Ikulu wakakaa kikao cha dharura. Walihitaji, kabla ya kutangaza kosa jipya, raia mmoja tu ambaye bado anaendesha, wa kuwaonyesha wengine. Wakatafuta mji mzima. Yupo mmoja asiyetembea, wakaambiwa, kwa sababu hawezi kukanyaga chini.

Ndalahwa ndiye aliyeletwa kumweleza. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alisema ni hivi: kila asubuhi Kashindye atapita barabara kuu juu ya baiskeli, na buti juu ya bandeji ili isionekane, na mkewe atasukuma. Asipopita, Kiwandani kuna nafasi mbili, ya mume na ya mke. Shija atalelewa na serikali.

"Na mzee, watu watanielewaje?"

"Mwanangu," Ndalahwa akasema, akitazama kuku, "hilo halimo kwenye maelekezo."

Basi wakatoka. Ile baiskeli ya dhahabu ilikuwa kitu pekee kinachong'aa mtaani. Stendi Kavu, kijiwe chake mwenyewe, watu walikuwa wamekaa chini kando ya baiskeli zao zilizolazwa, Bi Mageni akigawa vitumbua vya jana kwa aliye na njaa. Walimwona anakuja. Alitaka kuwaambia habari ya buti. Alifungua mdomo, na askari wa pembeni naye akageuza shingo kusikiliza. Kashindye akaufunga.

Bi Mageni alikuwa wa kwanza kumpa mgongo. Kisha aliyekaa pembeni yake, kisha wengine, polepole, bila tusi, kama watu wanaohama kivuli.

"Mama Shija," Kashindye akasema bila kugeuka, "wameninyima uso."

"Nimeona." Pumzi ya Nyanzobe ilimfikia shingoni, nzito, maana pale barabara inaanza kupanda.

"Mguu unaniuma mpaka kichwani. Ngoja nisimame kidogo."

"Usisimame, mume wangu. Yule wa njiapanda anatutazama."

"Sasa nifanye nini?"

"Kanyaga," akasema Nyanzobe, na kuukaza mgongo asukume. "Wewe kanyaga tu."

Mguu mzima ukashuka, mguu mbovu ukapanda. Kisha mbovu ukashuka.